Fundo Lipi Hukatwa na Kifo? Ndoa, Mapenzi na Matumaini ya Kukutana Tena

Abu Bakr, khalifa wa kwanza wa Waislamu, alipokuwa mgonjwa wa kufa mwaka 634, aliusia kwamba mwili wake uoshwe na mkewe, Asma binti Umays. Wosia ukatekelezwa. Asma hakuwa mgeni wa msiba wa aina hiyo, kwa kuwa mume wake wa kwanza, Ja'far bin Abi Talib, alikuwa ameuawa katika vita vya Mu'ta miaka mitano kabla na kuzikwa huko huko. Baada ya Abu Bakr aliolewa na Ali, nduguye Ja'far. Maisha ya mwanamke huyu mmoja yamebeba karibu kila swali ambalo mtu aliyefiwa na mwenzi wake hujiuliza usiku, na la kwanza kati ya maswali hayo linaanzia pale penye maji ya kuoshea maiti: je, mkono ule unaoosha ni mkono wa mke, au ni mkono wa mwanamke aliyekuwa mke?

Swali hilo huonekana la kubishania tu mpaka mtu afiwe. Ugumu wake unatokana na jambo moja: neno ndoa limebeba mizigo mitatu ambayo katika maisha ya kila siku hatuna haja ya kuitenganisha. Kuna mkataba, wenye haki na wajibu, ambao una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kuna mapenzi, ambayo hayakuanza siku ya mkataba na hayana sababu ya kwisha siku unapokwisha. Na kuna matumaini, kwa wale wanaoamini kwamba kuna maisha baada ya haya, kwamba wawili hao watakutana tena wakiwa bado ni wawili. Kifo kinayagusa yote matatu, ila hakiyakati kwa pigo moja, na mwanasheria, tabibu na mwanazuoni wanapozungumzia mwisho wa ndoa mara nyingi kila mmoja anazungumzia jambo lake. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya maneno makali wanayotupiwa wajane, ama kwamba wamesahau upesi ama kwamba wameng'ang'ania mno, hutokana na kuchukua jibu la jambo moja na kulibandika juu ya jingine.

Tuanze na mkataba, kwa sababu sheria haiwezi kukaa kimya: maiti lazima aoshwe ndani ya saa chache, na jibu lazima lipatikane ndani ya saa hizo. Wanazuoni wa madhehebu ya Maliki, Shafi na Hanbali wanasema kila mmoja wa wanandoa anaruhusiwa kumwosha mwenzake, na miongoni mwa hoja zao ni mapokezi kwamba Ali alimwosha mkewe Fatima, akisaidiwa na huyo huyo Asma, pamoja na hadithi ambayo Mtume anamwambia mkewe Aisha kwamba lau angetangulia kufa yeye, basi angemwosha na kumkafini. Madhehebu ya Hanafi yanakubali nusu ya jambo hilo tu. Mke anaweza kumwosha mumewe, lakini mume hamwoshi mkewe. Sababu yao si heshima wala aibu, bali ni hesabu ya mkataba: mke aliyefiwa bado yumo ndani ya eda, kwa hiyo kuna sehemu ya ndoa ambayo haijafunguka, ilhali mume hana eda, na kwa upande wake fundo lilifunguka palepale roho ilipotoka. Mtu anaweza kutokubaliana na hukumu hiyo na bado akavutiwa na ukweli ulioonekana ndani yake, kwamba ndoa ile ile inaweza kuwa imekwisha kwa mmoja na haijesha kwa mwingine.

Eda yenyewe inafundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Kurani, katika sura ya pili aya ya 234, inamwekea mjane miezi minne na siku kumi, na kama ana mimba, aya ya nne ya sura ya 65 inaifikisha eda mpaka kujifungua. Lengo moja linalofahamika ni nasaba, yaani kuondoa shaka juu ya mtoto. Lakini kama nasaba ingekuwa ndiyo sababu pekee, ajuza aliyekwisha kukoma hedhi asingewekewa eda ya kifo, naye amewekewa. Kwa hiyo ndani ya kipindi hicho kuna pia haki ya marehemu na nafasi ya huzuni: hadithi inayopokewa na Bukhari na Muslim inamkataza mwanamke kukaa matanga zaidi ya siku tatu kwa maiti yeyote, isipokuwa mumewe. Halafu inakuja aya ya 235, ambayo sijui kwa nini haitajwi mara nyingi zaidi. Inasema hakuna dhambi kwa mwanamume kumdokezea mjane aliye edani kwamba anamtaka, au kulificha jambo hilo moyoni, kwa kuwa Mungu anajua kwamba watu watawafikiria. Kinachokatazwa ni kuweka ahadi ya siri na kufunga ndoa kabla ya muda kutimia. Hapa sheria imeshika mkataba peke yake na kuuacha moyo uende kwa mwendo wake.

Katika Uyahudi mizani ni tofauti kabisa. Maombolezo ya mzazi huendelea kwa miezi kumi na miwili, lakini ya mume au mke huishia siku ya thelathini. Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba mwenzi anathaminiwa chini ya mzazi. Lakini Talmudi, mkusanyiko wa sheria na mafundisho ya marabi, katika kitabu cha Moed Katan, inamtaka mwanamume aliyefiwa na mkewe asubiri sikukuu tatu kubwa zipite kabla ya kuoa tena, isipokuwa kama hana watoto, au ana watoto wadogo wanaohitaji malezi, na wafafanuzi wa baadaye wanatoa sababu ambayo tabibu wa leo angeikubali: asije akamweka mke mpya mbele yake huku akimlinganisha na yule aliyekwenda. Na katika Sanhedrin, kitabu kingine cha Talmudi, kuna kauli fupi inayosema kwamba mwanamume hamfii mtu isipokuwa mkewe, na mwanamke hamfii mtu isipokuwa mumewe.

Kiswahili kinaielewa kauli hiyo bila kuhitaji mfasiri. Kitenzi kufa kikiingia katika kauli ya kutendea kinakuwa kufia, na kikitiwa katika kauli ya kutendwa kinakuwa kufiwa, yaani kuna mtu ambaye kifo cha mwingine kimetendeka juu yake. Marehemu amekufa mara moja na kwisha. Aliyefiwa ndiye anayebaki na tendo.

Wakristo wa Magharibi wameliweka jambo la mkataba waziwazi katika kiapo chenyewe. Maneno ya kuahidi kuwa pamoja mpaka kifo kiwatenganishe yamo katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza tangu 1549, na kanuni ya 1141 ya sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inasema kwamba ndoa iliyothibitishwa na kukamilishwa haivunjwi na uwezo wowote wa kibinadamu wala kwa sababu yoyote, isipokuwa kifo. Msingi wake ni Paulo, anayewaandikia Wakorintho kwamba mke amefungwa maadamu mumewe yu hai, na akifa, yu huru kuolewa na amtakaye, ila katika Bwana. Kwa upande wa Waorthodoksi, ibada yao ya ndoa haina kiapo cha mpaka kifo, na ndoa ya pili, hata ya mtu aliyefiwa, hufungwa kwa sala zenye sauti ya toba. Hao ni Wakristo wanaosoma maandiko yale yale. Tofauti yao ni juu ya fundo lipi wanalitazama.

Serikali nazo hazikosi mastaajabu yake. Tarehe 2 Desemba 1959 bwawa la Malpasset, karibu na mji wa Fréjus nchini Ufaransa, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 400. Mmoja wa waliobaki alikuwa mwanamke mjamzito ambaye mchumba wake alikufa maji kabla ya siku ya harusi yao, naye akaomba aruhusiwe kuolewa naye hivyo hivyo. Kabla mwaka haujesha bunge lilipitisha sheria, na leo kifungu cha 171 cha sheria ya madai ya Ufaransa kinamruhusu rais kuidhinisha ndoa na marehemu, ikiwa kuna sababu nzito na ushahidi usio na utata kwamba marehemu alikuwa amekubali. Ndoa hiyo huhesabiwa kuanzia siku moja kabla ya kifo, kwa hiyo bibi harusi huwa mjane papo hapo, wala hapati urithi wa moja kwa moja kwa sababu ya ndoa hiyo. Kwa maneno mengine, sheria ilijaribu kuwapa watu jina la ndoa bila mali yake. Wapo wanaoiona kuwa ni upuuzi. Mimi naiona kama mahali pa nadra ambapo dola ilikiri kwamba mapenzi yalikuwa yamewahi kufika pale ambapo mkataba haukuwahi kufika.

Hapo ndipo tunapoingia katika fundo la pili, la mapenzi, ambalo halina kanuni wala kifungu. Kwa muda mrefu wanasaikolojia walilishughulikia kana kwamba nalo ni mkataba unaopaswa kufungwa. Sigmund Freud aliandika mwaka 1917 kwamba kazi ya maombolezo ni kuondoa kidogo kidogo nguvu ya moyo iliyokuwa imewekwa kwa marehemu, kumbukumbu moja baada ya nyingine, mpaka mtu awe huru kupenda tena. Kutoka hapo likazaliwa wazo lililoenea sana, kwamba mjane anayezungumza na picha ya mumewe hajamaliza kazi yake. Na zile hatua tano za kukikabili kifo alizoeleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, ambazo watu huwasomea waliofiwa kama ratiba ya basi, yeye alizitoa katika mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakufa. Hazikuwa ramani ya mtu anayebaki.

Daktari mmoja wa vijijini aliliyumbisha wazo hilo. Dewi Rees, aliyekuwa akitibu watu wa eneo la Llanidloes huko Wales, aliwahoji wajane 293, wanawake kwa wanaume, na kuchapisha matokeo mwaka 1971. Karibu nusu yao walisema wamewahi kuhisi kwamba marehemu yupo nao, kumsikia, kumwona, na wachache hata kuguswa naye. Lililotajwa zaidi lilikuwa ni kuhisi tu kwamba yupo. Wengi waliopatwa na hali hiyo walisema iliwasaidia. Wengi wao pia hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kabla daktari hajauliza, na nadhani jambo hili ndilo zito kuliko hesabu zote: watu walikuwa wakiishi na faraja yao kama vile wameiba. Rees hakudai kwamba mizimu ilikuwa ikitembea, wala hakudai kwamba watu hao wamerukwa na akili. Mwaka 1996 watafiti Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walilipa jambo hilo jina la vifungo vinavyoendelea, wakisema kwamba watu wengi wenye afya hawamwachi marehemu, bali hubadilisha namna ya kuwa naye. Miaka mitatu baadaye Margaret Stroebe na Henk Schut, wa Uholanzi, walieleza jinsi aliyefiwa anavyoyumba huku na huku, saa hii akizama katika huzuni, saa ijayo akilipa bili na kujifunza kazi alizokuwa akifanya mwenzake, na kwamba kuyumba huko ndiko kupona kwenyewe.

Haimaanishi kwamba huzuni haidhuru. Mwaka 1969 Colin Murray Parkes na wenzake walichapisha ufuatiliaji wa wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, ambao 213 kati yao walikufa ndani ya miezi sita ya kwanza, kiwango kilichozidi kwa asilimia 40 kile cha wanaume wa umri huo wenye wake. Madaktari wa Japani walieleza mwaka 1990 hali ambayo moyo wa mtu aliyepata mshtuko mkubwa hufura upande mmoja na kufanana na mtungi wa kutegea pweza, takotsubo, na ndilo jina lililobaki. Kwa wachache, huzuni hugoma kusogea kabisa, na utabibu sasa unaitambua kama maradhi: orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inataka iwe imepita angalau miezi sita, na mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani, uliorekebishwa mwaka 2022, unataka miezi kumi na miwili. Namba hizo hazishindani na siku thelathini wala na miezi minne na siku kumi. Eda inauliza ni lini mwanamke yu huru kisheria. Daktari anauliza kama mtu anaweza kula, kulala na kuishi. Hakuna kati yao anayeuliza kama bado anampenda.

Mapenzi hayo pia si lazima yawe matamu. Katika jumba la makumbusho la Leiden kuna barua ya mafunjo ya karne ya 13 kabla ya Kristo, ambayo mgane mmoja wa Misri alimwandikia mkewe marehemu, aitwaye Ankhiri, kwa kuamini kwamba yeye ndiye anayemtesa kutoka upande wa pili. Anamuuliza amemkosea nini. Anamkumbusha kwamba alimwoa akiwa kijana na hakumwacha alipopanda cheo, kwamba alimtafutia tabibu alipougua, kwamba alilia mbele ya nyumba yao pamoja na watu wake, na kwamba kwa miaka mitatu amekaa peke yake bila kuingia nyumba nyingine. Anatishia hata kumshtaki mbele ya miungu ya Magharibi, yaani ya nchi ya wafu. Kila aliyewahi kumkasirikia marehemu kwa kumwacha ataitambua sauti hiyo, pamoja na hatia inayojificha ndani yake.

Linabaki fundo la tatu, la matumaini, na hapa tofauti ni kubwa kweli. Masadukayo, ambao hawakuamini ufufuo, walimletea Yesu kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akifa bila mtoto, wakamuuliza siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani. Jibu lake, katika Mathayo 22, ni kwamba watu wakifufuka hawaoi wala hawaolewi, bali huwa kama malaika. Wajane wengi wamelisoma jibu hilo kama habari mbaya. Lakini swali lenyewe lilikuwa la mkataba: kurithi mjane, kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati 25, kulikusudiwa kumwinulia marehemu uzao ili jina lake lisifutwe, na pasipokuwa na kifo hakuna jina la kuokoa. Yesu alilikanusha hilo. Hakusema kwamba waliopendana hawatatambuana. Kutoka upenyo huo Wakristo wametawanyika. Tertullian wa Carthage, mwanzoni mwa karne ya tatu, alimwandikia mkewe kwamba ndoa hairudishwi siku ya ufufuo, kisha katika maandishi yake ya baadaye akatetea kwamba tutabaki tumefungamana na wenzi wetu waliotangulia. Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, kwa msingi wa ufunuo ulioandikwa mwaka 1843, wanaamini kwamba ndoa iliyounganishwa hekaluni haikatwi na kifo hata kidogo.

Kurani haikuliacha jambo hilo katika ukimya. Sura ya 13 aya ya 23 inazitaja bustani za milele ambazo wema wataziingia pamoja na walio wema katika wazazi, wake na vizazi vyao, na sura ya 43 aya ya 70 inawaambia waingie peponi wao na wenzi wao. Sharti ni wema, na si mkataba. Katika maandiko ya Kibuddha wapo mume na mke wazee, Nakulapita na Nakulamata, waliomwambia Buddha kwamba wanatamani kuonana katika maisha yajayo pia, naye akawajibu kwamba wawili wakilingana katika imani, mwenendo, ukarimu na hekima, wataonana. Ni mafundisho yaliyo mbali sana na Kurani katika karibu kila jambo jingine, lakini katika hili yanakaribia: njia ya kukutana hupita katika jinsi mtu alivyoishi, na cheti cha ndoa hakihitajiki mlangoni.

Basi vipi kwa yule aliyeolewa zaidi ya mara moja? Wanazuoni wa Kiislamu wana kauli zaidi ya moja: wapo wanaosema atakuwa na mume wake wa mwisho, wengine kwamba atachagua, wengine kwamba atakuwa na yule aliyekuwa na tabia njema zaidi. Inapokewa kwamba Ummu Dardai, mjane wa Abu Dardai, alikataa posa ya Muawiya kwa kushika kauli ya kwanza, kwa kuwa alimtaka Abu Dardai na si mwingine. Lakini Ummu Salama, aliyefundishwa kuomba Mungu ampe kilicho bora badala ya msiba wake, alijiuliza ni nani aliye bora kuliko mumewe marehemu, Abu Salama, akaomba hivyo hivyo huku haamini, kisha akaolewa na Mtume. Na Mtume mwenyewe, aliyeoa baada ya kufiwa na Khadija, mkewe wa kwanza, alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea nyama rafiki za Khadija, hata Aisha akakiri kwamba hakuwahi kumwonea wivu mwanamke yeyote kama alivyomwonea huyo ambaye hakuwa mke mwenziwe hata siku moja. Baada ya vita vya Badr, mwaka 624, binti yake Zaynab alipeleka mkufu kumkomboa mumewe aliyekuwa mateka. Mkufu ulikuwa wa Khadija, alioupata binti siku ya harusi yake. Mtume alipouona alishikwa na huruma nzito, akawaomba wenzake, kama wataona vema, wamwachie mateka na kumrudishia Zaynab mkufu wake. Khadija alikuwa amefariki takriban miaka mitano kabla.

Na Asma, akiwa nyumbani kwa Ali, alikuwa na mtoto wa Ja'far na mtoto wa Abu Bakr, wote wakiitwa Muhammad. Inasimuliwa kwamba siku moja watoto hao walibishana baba wa nani alikuwa bora, na Ali akamwambia mama yao aamue. Akasema hajaona kijana wa Kiarabu bora kuliko Ja'far, wala mtu mzima bora kuliko Abu Bakr. Ali akamjibu, "Hukutuachia sisi kitu," kisha akaongeza kwamba lau angesema vinginevyo, angemchukia.